Kamba Iliyolala Nje

Katibu wetu mpya alinitembelea nyumbani mwanzoni mwa mwezi huu na daftari kwapani. Ni binti wa Mwanza, mwalimu wa sekondari hapa mjini, anaitwa Upendo, na mpira anaujua kuliko wanaume wengi ninaokaa nao benchi moja kanisani. Alinipa shikamoo, akavuta kigoda, akanieleza kwamba klabu inatoa kitabu cha historia ya timu yetu ya Mkuki, na wanataka niwaachie neno ninyi vijana watatu mliopokea kutoka kwangu kazi ya kutunza uwanja. Nikamwambia historia ya timu iko kwenye makombe yanayoota kutu kabatini. Mimi ni mtu wa majani. Akasema ya makombe anayo tayari, amefuata ya majani.

Basi nikakubali. Lakini kabla hajaondoka alinisomea ukurasa mmoja aliokwisha kuuandika kwa maelezo ya wazee wa klabu, unaohusu siku tuliyoshuka daraja. Ukurasa ulisema kwamba siku ile mshambuliaji wetu Deogratias Luambano alikosa penalti dakika za mwisho, na kwamba mji mzima unajua alinunuliwa. Nikamwuliza kama umeshapelekwa kwa mchapaji. Akasema bado, mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwomba auweke pembeni kwanza mpaka nimalize kusema yangu, kwa sababu kitabu kikishatoka, wajukuu wa Deo watasoma maneno hayo na sisi hatutakuwepo kuulizwa. Nitafika huko. Niacheni nianze na majani, ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Uwanja wetu una udongo mwekundu, mnaujua, ule unaong'ang'ania kiatu mpaka mtu anarudi kwao na nusu ya Songea mguuni. Ukoka pandeni mvua zikishashika, si mvua ya kwanza ile ya kudanganya. Umande ukiwa bado haujakauka msifyeke, majani yanalala chini halafu mchana yanasimama yakiwa marefu kwa madaraja, uwanja unaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Na Juni na Julai, baridi ikikaza, msikate majani mafupi hata kocha akiwapigia magoti. Makocha wote wanapenda majani mafupi. Kocha anakaa msimu mmoja akafukuzwa, lakini majani yanabaki nanyi.

Nilipoanza hatukuwa na mashine. Tulikuwa na mafyekeo mawili na ng'ombe wa jirani mmoja, ambaye hakuajiriwa na mtu lakini alifika kazini kila siku, hata Jumapili. Mistari tulichora kwa majivu; yakija mawingu tunaomba Mungu, ikija mvua tunachora upya. Baadaye ukaja mtindo wa oil chafu ya magari, ambayo inachora mstari mweusi na kuua majani, na mstari ukishakosea umekosea mwaka mzima. Ndiyo maana kwa misimu miwili upande wa magharibi tulikuwa na kona mbili. Waamuzi wa mikoani walikuwa wanatuuliza, tunawajibu moja ni ya zamani.

Timu yenyewe ni ya zamani kuliko mimi. Iliundwa na makarani na mafundi waliosomea misheni Peramiho. Mzee Nyoni, mtunza uwanja wa kwanza na mtu aliyenifundisha kazi hii, alikuwa ananisimulia kwamba jezi za kwanza zilishonwa kwa kitambaa cha marekani, zikachovywa kwenye maji ya magome ya mti ili ziwe nyekundu. Mechi ya kwanza mvua ikanyesha. Mapumziko wachezaji wote walikuwa wekundu mpaka kwenye soksi, na timu pinzani nayo imepata kidogo. Alinisimulia hivyo bila kucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyezichovya.

Mzee Nyoni hakuwa mtu wa kusema sana. Nilimkosea mengi, na namna yake ya kukaripia ilikuwa kukupa kazi. Mwaka tulipoachana na majivu, nilitumwa chokaa ya kuchora mistari. Mimi nikaenda kuchukua chokaa mbichi, ile ambayo haijazimwa kwa maji, nikaimwaga kwenye mstari wa goli kwa moyo wote. Golikipa wetu akaruka, akatua pale na jasho lake. Aliinuka na malengelenge pajani, akasafiri mpaka Mbeya kwenye mechi iliyofuata amekalia tako moja. Mzee Nyoni hakunigombeza. Alinipa ndoo, akaniamuru nimwoshe golikipa mwenyewe, na kila asubuhi nimpelekee mafuta ya kupaka mpaka apone. Toka siku hiyo naijua chokaa kwa kuinusa tu.

Sasa kamba. Ninyi mna mkanda wa chuma unaojikunja wenyewe, na kule mjini Dar nasikia kuna mashine inayochora mistari ikiongozwa na mitambo iliyo angani huko. Sisi tulikuwa na kamba ya katani. Mzee Nyoni aliisokota kwa mkono wake, akaazima mkanda wa mpima ardhi kwa saa moja, akafunga mafundo. Fundo la kwanza ni mita kumi na moja, nukta ya penalti. La pili ni mstari wa kumi na nane. Duara la kati lilikuwa na kamba yake fupi. Unashikiza mwanzo wa kamba katikati ya mstari wa goli, unavuta moja kwa moja, ukifika kwenye fundo unachomeka kijiti. Kisha unahakikisha kwa miguu: hatua zangu ni kumi na mbili kutoka goli hadi nukta, si zaidi si pungufu. Alinilazimisha nizihesabu kila mara, kamba na hatua, hatua na kamba, mpaka nikawa nahesabu hata nikienda chooni.

Na kulikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka alipostaafu. Kamba inalala ndani. Katani ikilowa inavimba na kujikaza, inakuwa fupi. Ikikauka inarudi. Mtu asiyejua ataiona ni kamba ile ile na mafundo ni yale yale. Mzee Nyoni alikuwa na msumari wake stoo, juu kabisa karibu na bati, na hata tukimaliza kazi tumechoka vipi, kamba ilitundikwa pale kabla mtu hajanawa mikono.

Deo alikuja timu yetu akitokea Mpitimbi, mwembamba, mpole, mama yake mjane aliyekuwa akiuza dagaa wa Nyasa sokoni. Hakuwa mchezaji wa kushangilia. Akifunga anarudi katikati ameinamisha kichwa, utadhani ameiba kitu. Lakini kwenye penalti hakuwa na mfano. Alikuwa na desturi yake: mpira akishauweka kwenye nukta, hautazami tena. Anarudi mpaka kwenye mstari wa kumi na nane, anaweka kisigino juu ya mstari, anavuta pumzi, anapiga hatua zake tano. Ya tano ni ya mguu wa kushoto, unatua kando ya mpira, na wa kulia unamaliza kazi. Jioni mazoezi yakiisha anabaki peke yake, anapiga ishirini, thelathini, hatua zile zile.

Mimi nilijua haya kuliko kocha, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa unanipa kazi. Kila Jumatatu nilikuta kashimo kamoja kando ya nukta ya goli la kusini, mahali pale pale, kenye ukubwa wa kisahani. Nilikuwa nakaziba kwa udongo na kipande cha ukoka, na kila wiki kanarudi. Nilimtania kwamba nitapanda muhindi mle. Akanijibu nipande tu, yeye atautilia mbolea.

Ikafika mechi ya mwisho wa msimu. Tukitoka sare tunabaki ligi kuu, tukifungwa tunashuka. Ilikuwa masika, udongo umelewa maji. Siku ya kuamkia mechi nilichora mistari yote mchana, jua limetoka, kamba kavu, hatua nimehesabu. Kila kitu sawa. Nilipomaliza nikasikia kwamba kwenye nyumba ya wageni ilikopiga kambi timu yetu wamechinja mbuzi wawili na watu wa uwanja nao wanakaribishwa. Nikaizungusha kamba kwenye nguzo ya goli nikaenda. Nilijiambia nitarudi kuitundika. Mbuzi alikuwa mtamu, sikurudi. Usiku mvua ikanyesha mpaka alfajiri, ila chokaa ilishika, mistari haikufutika.

Watu wa mpira mnaijua kamati ya ufundi, ile isiyo na fundi hata mmoja. Asubuhi ya mechi nilipofika nilikuta mwenyekiti wake yupo uwanjani na wenzake wawili na jembe. Wameambiwa na mtaalamu wao, mganga wa kule Maposeni, kwamba wageni wamezika kitu chini ya nukta ya goli la kusini. Niliwaambia uwanja nimeulinda mwenyewe, hakuna mgeni aliyekanyaga. Mwenyekiti akaniangalia, akaniambia kikulacho ki nguoni mwako, na tangu hapo nikanyamaza maana niliona sasa naweza kuzikwa mimi. Walichimba shimo la kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Walipata kopo la kiwi lenye kutu na mfupa wa kuku. Mfupa ule, kwa maoni yangu, uliachwa na mbwa. Wao walikumbatiana wakaenda kuuchoma.

Mimi nikaachiwa shimo. Nikaleta udongo, nikashindilia kwa miguu, nikabandika ukoka niliouchimba nyuma ya choo. Palipokuwa na nukta pamekuwa kiraka. Saa zinakwenda, manyunyu yanaendelea, magari ya wageni yameshaingia, mtu wa getini ananipigia mluzi kwamba watu wanaanza kuingia. Nikachukua kamba pale kwenye nguzo. Ilikuwa imelowa chapachapa. Niliiona imelowa, vijana, sitawadanganya, na maneno ya Mzee Nyoni yalinijia. Nikajiambia ni nukta moja tu. Nikaivuta, nikafika kwenye fundo, nikamwaga chokaa. Hatua kumi na mbili sikuzihesabu.

Wageni walitufunga bao kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili tuliwasukuma mpaka langoni mwao. Dakika za mwisho kabisa beki wao akaushika mpira, mwamuzi akaelekeza mkono kwenye nukta ya goli la kusini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli lile na ndoo yangu ya mchanga. Deo akauweka mpira. Akarudi kwenye mstari wa kumi na nane, akaweka kisigino, akavuta pumzi, akapiga hatua zake tano. Mwili ukaenda nyuma, mpira ukapaa juu ya mwamba, juu ya ukuta, ukaangukia barabarani. Kuna mtu aliuokota akaondoka nao.

Tulishuka daraja. Mkuki ilikaa madaraja ya chini miaka mingi sana, na ninyi watatu hamjawahi kuiona ikicheza ligi kuu.

Jumatatu nikaenda kuziba mashimo kama kawaida. Jua lilikuwa limewaka tangu Jumapili. Kashimo ka Deo nilikakuta. Nilipiga goti pale na kipande changu cha ukoka, nikaanza kuziba, halafu nikaona kitu. Kashimo kalikuwa mahali pake pa siku zote, bado kana ukingo wa kiraka changu cha wiki iliyopita. Lakini nukta ya chokaa ilikuwa mbele yake, imesogelea goli. Nikaenda kuchukua kamba, sasa imekauka. Nikaivuta kutoka mstari wa goli. Fundo likaipita nukta kwa nusu hatua, na kidogo zaidi. Nikahesabu kwa miguu. Kumi na moja na ushee.

Mguu wa Deo ulikuwa umetua pale ulipotua maelfu ya mara. Mpira ndio haukuwepo. Mtu ukikanyaga nyuma ya mpira kiasi kile, lazima uegemee nyuma, na ukiegemea nyuma mpira unapaa. Hilo hata mtoto anayecheza chandimu ya mtaani analijua.

Nilienda kwa mwenyekiti wa kamati siku ile ile. Alinisikiliza, akafunga mlango, akaniambia tukisema nukta ilihama tutaulizwa kwa nini, na tukisema kwa nini, klabu itafungiwa, na mimi nitakuwa mtu wa kwanza kutafuta kazi nyingine. Amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na sitaki kumsingizia. Yeye alinikataza siku moja. Siku nyingine zote nilijikataza mwenyewe. Nilikuwa nimeajiriwa rasmi mwaka ule ule, nina watoto wanne, na nikasema moyoni kwamba mji utasahau.

Mji haukusahau. Ulianza siku ile ile kusema kwamba Deo amenunuliwa. Mchezaji asiyekosa, akose siku hiyo? Watu waliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba aliyopanga na mama yake. Mama yake akakaa sokoni na mafungu yake ya dagaa, wateja wanapita wanakwenda meza ya pili. Mimi mwenyewe mke wangu alirudi siku moja na dagaa wa mtu mwingine, nikawala, nikanyamaza. Miezi michache baadaye Deo akahamia Namtumbo kwa mjomba wake, akalima tumbaku. Mpira hakucheza tena, na Songea alikuja mara moja tu, kumzika mama yake.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya mtu aliyenyamaza ni ndefu sana, nimeitembea. Kwaresima moja nilimweleza padri kwenye kitubio. Akanipa sala za kusali, na akaniambia niende nikamwambie mwenyewe. Sala nilizisali zote jioni ile ile, tena nikaongeza. La pili sikulifanya. Kwaresima iliyofuata nilikwenda kuungama parokia nyingine.

Basi ndipo akaja Upendo na ukurasa wake. Alipoondoka sikula. Mke wangu aliniuliza naumwa wapi, nikamweleza yote kwa mara ya kwanza. Akaniuliza kwa nini nilimwacha awapite dagaa wa mama yake Deo.

Asubuhi nikaichukua kamba ya Mzee Nyoni, nikaitia kwenye kiroba, nikapanda basi la Namtumbo. Siku hizi ni lami tupu, unafika kabla hujapanga maneno. Nilimkuta Deo nje ya banda la kukaushia tumbaku, anachambua majani. Amenenepa, kichwa kimekuwa cheupe, goti la kulia halikunji vizuri. Alinitambua kabla sijamsalimu. Mkewe akaniletea kiti na togwa. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, mbuzi na kamati na kamba, sikupunguza. Muda wote huo aliendelea kuchambua tumbaku, jani hili huku, jani lile kule.

Nilipomaliza akaniomba kamba. Tukaipima kavu pale uani, fundo la kwanza akachomeka kijiti, fundo la pili akachora mstari kwa ncha ya jembe. Kisha akaitumbukiza kamba kwenye ndoo ya maji, tukakaa tukinywa togwa. Ilipolowa vizuri tukaivuta tena. Kijiti cha pili kikasimama mbele ya kile cha kwanza, nusu hatua na kidogo zaidi. Deo akavitazama vijiti viwili. Akarudi mpaka kwenye mstari, akaweka kisigino juu yake, akavuta pumzi, na kwa goti lile bovu akapiga hatua tano. Mguu wa kushoto ukatua kando ya kijiti cha kwanza, sawasawa.

Alikitazama kijiti cha pili kilivyokaa mbele ya mguu wake.

"Nilidhani ni woga," akasema. "Mpira niliuona umekaa mbali nami, nikajua ni woga umeniingia machoni. Miaka yote hii nilikuwa najua kwamba sikununuliwa, lakini nilijua niliogopa."

Nikamwambia hakuogopa. Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nalia, mzee mzima, sioni haya kusema.

"Mama alikufa akiniombea nitubu," akaniambia. "Nilikuwa namwambia mama, nitubu nini? Anasema Mungu anajua." Akachomoa kijiti cha pili akakitupa. "Msamaha nitaufikiria, mlongo wangu. Wewe kwanza nenda kaseme pale uliponyamazia."

Aliniita mlongo, ndugu, kama tunavyoitana huku kwetu. Lakini msamaha hakunipa, na sikumdai. Alinisindikiza mpaka kituoni, tukazungumza habari za mvua.

Niliporudi nilimwita Upendo nikamweleza, akaandika, akaniuliza kama nina hakika. Wazee wawili wa klabu walikuja baadaye kunishauri kwamba mambo ya kamati si ya kuweka kwenye kitabu, watu wa mikoa mingine watatucheka. Niliwaambia waache wacheke, tumechekwa kwa mengine. Wakisisitiza kuifuta kamati, sawa, waifute. Lakini jina la Deo lisafishwe na la kwangu liandikwe kwa kirefu. Upendo ameufuta ule ukurasa. Mahali pake ameandika kwamba penalti ile ilipigwa na Deogratias Luambano vile vile alivyozipiga zote, na kwamba nukta ilikuwa imepimwa vibaya na mtunza uwanja Severini Haule, ambaye ndiye mimi, kwa kamba iliyolowa, akajua, akanyamaza. Nimeusoma mara mbili. Hauna kosa.

Kitabu kitasomwa hadharani uwanjani, Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka kwa mchapaji, mbele ya watu. Nilimtumia Deo habari kupitia kijana wake. Jibu limekuja jana: atakuja. Hatakaa jukwaani na hataki zawadi. Anaomba tu mpira mmoja uwekwe kwenye nukta ya goli la kusini kabla watu hawajaingia. Hataupiga, goti limekwisha. Anataka kuhesabu hatua zake.

Kwa hiyo vijana, mistari yote ya siku hiyo choreni ninyi, na mkanda wenu wa chuma, na rangi yenu ya ndoo. Nawaamini. Ila nukta ya goli la kusini naomba mniachie mimi. Nitakuja mapema na nitazihesabu hatua zote kumi na mbili. Kamba nimeshaianika.